Kofia ya Shosho wa Ghorofa ya Chini

Kariobangi, Nairobi
3 Novemba

Mama,

Ujumbe wako wa sauti, mwanangu, niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa kwenye mashine yangu ya kufuma sweta, kwa hiyo nusu yake ilimezwa na kelele. Usiku nikausikiliza tena nimetulia. Nimeona afadhali nikujibu kwa kalamu, maana haya ni mambo ya vipimo, na kipimo cha kusemwa kwa mdomo hakikawii kusahaulika. Mdogo wako ataipiga barua picha akutumie leo. Karatasi yenyewe utaikuta ndani ya kifurushi.

Umeniomba kofia sita za mashine kabla ya Krismasi, uwagawie wenzako wa wadi huko Leipzig, Ujerumani, wale wasichana wawili mnaokaa nao, na yule shosho, bibi mzee wa ghorofa ya chini. Tano nimekubali, na mbili tayari ziko mezani hapa. Ya shosho sitaituma. Hiyo utaifuma mwenyewe, kwa sindano, na barua hii yote ni kwa ajili ya kofia hiyo moja.

Usidhani nimekunyima. Unaijua miezi hii ilivyo hapa kwetu. Shule zikifungwa tu, oda za sweta za Januari zinaanza kumiminika, buluu, maruni, kijani kibichi, na mimi nasukuma lile gari la mashine huku na huko tangu alfajiri, mabati yamewaka jua la Desemba na jasho linanitiririka katikati ya marundo ya sweta. Nafuma saizi 24, 26, 28, napanda hivyo hivyo mpaka 40. Sweta ya saizi 30 ataivaa mtoto yeyote mwenye kifua cha saizi hiyo. Simjui jina wala sura. Ni kazi halali, naipenda, na ndiyo iliyokulipia masomo ya Kijerumani. Lakini huyo shosho alivua koti lake akakuvika asubuhi ile uliyotoka na kijaketi cha Nairobi, na hakuwa amekujua hata wiki mbili. Hakwenda kukutafutia la saizi yako, alikupa lile alilokuwa amelivaa. Mtu kama huyo hatupelekei kitu kilichotoka kwenye rundo.

Nilijifunza kufuma Njabini nikiwa mtoto wa shule. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wavulana kwa wasichana tulifundishwa sayansi kimu, na mwalimu akataka kila mmoja aje darasani na sindano mbili na uzi. Nani angetununulia? Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli, tulizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikaacha kukwaruza. Uzi tulifumua sweta kuukuu. Ulijua sweta imeisha nyumbani kwa watu ukimwona mtoto wao amekuja na donge la uzi wa rangi hiyo.

Mwaka 1988 niliamua kumfumia mama kofia ya Krismasi, huyo shosho wako unayeitwa jina lake, ndiyo maana nakuita Mama. Alikuwa akitoka kukamua saa kumi na moja asubuhi, na baridi ya Kinangop hukutana nawe mlangoni kabla hujafunga kitambaa. Niliifuma kwa siri kwenye dari la zizi, wiki tatu nzima, kwa spoki zangu. Zile spoki ni nyembamba, hazifiki hata milimita 3, kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa na mishono mingi kama mbegu za mtama. Katikati mshono mmoja ukaniponyoka nisiuone. Nilipomaliza, palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, na kutoka hapo kwenda juu mishono imelegea kama ngazi.

Aliivaa. Aliivaa kanisani siku ya Krismasi, tundu likiwa mbele, na kila aliyemsalimu akaambiwa ni nani aliyeifuma. Tarehe 26, kazi za asubuhi zilipokwisha, akaniita jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaishika ile kofia na kuanza kuifumua mbele ya macho yangu. Nilijizuia kulia nikashindwa. Alipofika pale penye tundu akasimama, akairudisha mishono yote sindanoni, mmoja mmoja, akanikabidhi. "Endelea hapa," akasema. Hakuifumua tangu mwanzo. Chini ya tundu palikuwa sawa, akapaacha.

Kofia ile niliimaliza Februari, na huo ndio ufumaji ninaotaka uufanye. Ukikosea, rudi mpaka pale penye kosa tu.

Sasa uzi. Umesema madukani huko ni ghali, na nimekusikia. Basi nenda maduka ya nguo za mitumba, utafute sweta ya mwanamume, kubwa, ya sufu. Hapa mimi bado naenda soko la mitumba la Gikomba asubuhi mapema marobota yakifunguliwa, na hata mashine ikiwa na koni zake za akriliki, uzi wa zawadi huutoa huko. Kabla hujalipa, igeuze sweta nje ndani uangalie maungo ya ubavuni. Ikiwa vipande vimeunganishwa kwa uzi kama mnyororo na kingo zake ni nzima, itafumuka uzi mmoja mrefu mpaka ukome. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi zikazungushiwa uzi kwa mashine, iache. Utapata vijipande tu, kila mstari umekatika. Sweta iliyooshwa kwa maji moto ikashikana kama blanketi, iache pia.

Kama lebo imeng'olewa, omba kipande kidogo cha uzi ukakichome nyumbani juu ya sinki. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikipoa inaacha kidonge kigumu. Kwa baridi ya Leipzig nataka sufu. Inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi imelowa, na theluji inayoyeyuka kichwani ni unyevu huo huo.

Ukiifumua, uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge kitita sehemu nne, uloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uutundike ukauke na kitu kizito kining'inie chini. Usiruke hatua hii. Uzi uliotoka kwenye sweta una mawimbi mawimbi, na ukiufuma hivyo hivyo mishono itapishana.

Halafu kipande cha kupimia. Najua hutaki kukifanya, hata mimi nilikuwa sitaki. Fuma mraba mdogo kwa sindano za milimita 5, uulaze mezani, uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 20. Mkono wako ukikaza utapata 23, na kofia itakuwa ya mtoto. Kichwa cha mtu mzima huwa kama sentimita 56, na kofia inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ikumbate, kama 50. Hapo utaanza na mishono 100. Ukingo fuma miwili mbele, miwili kinyume, mpaka sentimita 5, ndio uvutike. Kisha endelea kawaida mpaka urefu wote ufike 15. Hapo igawe mishono mafungu 10 ya mishono 10. Kila fungu, ile miwili ya mwisho uifume pamoja iwe mmoja. Mstari unaofuata usipunguze. Unaofuata upunguze tena. Utaenda hivyo mpaka sindanoni ibaki 10, upitishe uzi ndani yake kwa sindano ya kushonea, uvute, ufunge, ushone ubavu.

Kichwa chenyewe utakipimaje bila yeye kujua? Uliniambia kofia yake huwa imetundikwa kwenye ngazi karibu na mlango. Siku moja ukipita, izungushie uzi kwa ndani, ufunge fundo, uondoke nao. Uzi huo ulaze kwenye rula ukifika chumbani, kisha uniandikie ni sentimita ngapi.

Kuhusu siku. Hapa tumezoea kutoa zawadi tarehe 25 watu wakitoka kanisani, wengine hata tarehe 26 kule mashambani. Wewe umenieleza kwamba huko hutolewa jioni ya tarehe 24, na kwamba usiku wa kuamkia tarehe 6 watoto huweka viatu nje ya mlango, asubuhi wakute peremende za Mtakatifu Nikolasi. Basi hesabu yako ni ya tarehe 24. Kutoka leo ni siku 51. Ukiondoa usiku wa zamu na zile siku unazorudi hata buti huwezi kulivua, hesabu jioni 20. Kofia inahitaji jioni nane, kumi kwa mkono ambao haujashika sindano tangu kidato cha pili. Utaona kuna nafasi ya kukosea na kurudi. Ungeniambia sweta, ningekukataza. Wanaoanza sweta Novemba huishia kumkabidhi mtu mgongo na mkono mmoja.

Jambo moja lazima nikuonye. Nilipotazama picha uliyotuma ya sebule yake, niliona kikapu karibu na dirisha, na ndani yake sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, zimeshika soksi iliyofika kisiginoni. Huyo mama ni mfumaji. Kofia yako ataigeuza nje ndani kabla hata hajaivaa. Kwa hiyo ncha za uzi usizikate karibu na fundo. Zipenyeze kwenye mishono ya ndani sentimita kadhaa, kwenda na kurudi, ndipo ukate. Kuhusu kuosha huna haja ya kumfundisha, anajua kwamba maji ya moto na msuguano huifanya sufu ishikane na kusinyaa.

Na nikuombe kitu, mwanangu. Ukishampa kofia, mwambie akufundishe kisigino cha soksi. Usimwambie "siku moja", mwambie Jumapili gani. Nimefuma miaka mingi, lakini soksi ya sindano tano niliijua nikiwa mkubwa, kwa kubahatisha, na kisigino changu mpaka leo kina kona. Lile donge la gramu 100 ulilompa rafiki yako aniletee, sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, nimelitazama sana. Mita 420 kwenye donge dogo vile! Linatosha jozi moja, na ni lako. Soksi ya kwanza nimeimaliza. Ya pili iko kifundoni. Nafuma usiku mashine ikishanyamaza, mdogo wako akisoma pembeni, na kila nikifika kisiginoni nakumbuka ulivyokuwa ukichakaza soksi upande wa kulia kabla ya kushoto. Nimefuma huo upande wa kulia kwa nyuzi mbili.

Kifurushi kitatoka Posta Jumatatu ijayo. Nitahakikisha hakivuki kilo 2, ili kiende kama kifurushi kidogo, na kwenye ile fomu ya forodha nitaandika "kofia 5, soksi jozi 1, zawadi". Majani ya chai nilitaka kuongeza, lakini tutaona mizani itasemaje.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unavaa kitu kichwani usiku ukitoka kazini. Mimi nauliza rangi. Koti la yule shosho ni la kijivu au la buluu? Kwenye picha taa ya ngazini inadanganya. Ukilijua, tafuta sweta ya rangi itakayokaa vizuri juu yake, na unitumie picha ya kile kipande cha kupimia kabla hujaanza ile mishono 100.

Ni mimi,
Baba yako