Filamu za historia zisimsute mgeni peke yake

Mhariri,

Wanaosema filamu za kihistoria hujenga utaifa hupenda kuitaja Senegal. Wana haki. Ila huishia nusu ya habari.

Alfajiri ya Desemba 1, 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwamiminia risasi askari wake wenyewe wa Kiafrika. Walikuwa wametoka kwenye kambi za mateka za Wajerumani, na kosa lao ni kudai malipo yao. Kwa miaka mingi hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 35. Mwaka 1988 mwongozaji filamu wa Senegal, Ousmane Sembène, aliyewahi kuvaa sare za jeshi hilohilo, na mwenzake Thierno Faty Sow wakatoa filamu ya mkasa huo, "Camp de Thiaroye", kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia. Ikashinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Venice. Rais wa Ufaransa alikuja kukiri Novemba 2024 kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

Hiyo ni filamu ya kutazamwa kifua mbele, maana muuaji ni mgeni. (Ingawa askari wale walitoka makoloni mengi, si Senegal tu; sijui ni taifa gani hasa linaloweza kudai kuwa ni wake.)

Lakini Sembène huyohuyo alikuwa ameshatoa "Ceddo" mwaka 1977. Humo imamu ananyakua kiti cha mfalme, wanakijiji wanasilimishwa kwa nguvu, wananyolewa na kupewa majina mapya. Mzungu mfanyabiashara yumo, naam, ila watumwa anaowanunua kwa bunduki anauziwa na wenyeji. Serikali ya Rais Senghor ikaipiga marufuku. Sababu rasmi? Tahajia! Eti jina liandikwe kwa "d" moja. Nchi ambayo raia wake wengi ni Waislamu inaonyeshwa hadithi kama hiyo, halafu kinachogombewa ni herufi.

Kwangu mimi, "Ceddo" ndiyo iliyogusa utaifa wa Wasenegali kwa undani zaidi, kwa kuwa iliwauliza wao wenyewe walifanyiana nini.

Basi serikali yoyote inayotaka kugharamia filamu za historia na igharamie, ni jambo jema. Ila mkataba utamke wazi kwamba fedha zikishatolewa, mtoaji hana ruhusa ya kugusa muswada wa filamu wala kuizuia isionyeshwe. Bila kipengele hicho, waongozaji watatuletea mashujaa wasio na doa, na wabaya wote watatoka ng'ambo.

Mpenzi wa sinema