Maji, udongo, wadudu na wanyama wakae meza moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni, nimekaa nalo muda mrefu na kila mvua ikinyesha linanirudia. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku nilienda mtoni na chupa ya plastiki ya lita moja nikaijaza, maji yenyewe rangi ya tofali kabisa, nikaifunga nikaiweka dirishani. Kesho yake juu kumeanza kung'aa na chini limetuama tope laini, nikapima kwa kulaza kidole ubavuni mwa chupa, unene wake kidole kizima. Hilo siyo tope tu jamani, hilo ni shamba la mtu, maana ule udongo wa juu wenye rutuba ndo unaotangulia kuondoka, na sentimita moja ya udongo wa namna hiyo inachukua mamia ya miaka kujitengeneza.

Chupa hiyo nikaenda nayo kwenye kikao kimoja cha mazingira. Mtu wa maji akaiangalia akasema wao kazi yao ni kupima wingi wa maji na kutoa vibali, udongo ni wa kilimo. Mtu wa kilimo akasema hilo tope linatoka kule juu kilimani ambako miti imekatwa, waulizwe watu wa misitu. Wa misitu akasema eneo lake linaishia kwenye bikoni, na pale panapomomonyoka ni nje ya bikoni. Hakuna aliyedanganya hata mmoja, kila mtu alisema kilichoandikwa kwenye makaratasi yake, na hapo ndo niliumia zaidi kwa sababu mvivu unaweza kumsukuma akafanya kazi lakini utamsukuma vipi mtu ambaye kazi yenyewe hajaandikiwa? Chupa nikarudi nayo nyumbani.

Ninachosema ni kwamba hizi rasilimali zipangwe kwa bonde, yaani ardhi yote ambayo maji yake yanaishia mto mmoja, na ndani ya bonde hilo watu wa maji, wa udongo, wa wadudu na wa wanyamapori wawe na mpango mmoja, ramani moja, na fungu moja la hela. Siyo kila idara na mpango wake halafu wanakutana kwenye warsha mara moja kwa mwaka.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Kule Marekani, yapata mwaka 1890, mtaalam wa jiolojia John Wesley Powell alichora ramani ya nchi kavu za magharibi akazigawa kwa mabonde ya mito, akisema watu wanaokunywa mto mmoja ndo wajitawale pamoja. Hakusikilizwa, mipaka mingi kule imepigwa kwa rula. Baadaye wakulima wakalima nyanda kavu zote wakang'oa majani yaliyokuwa yameshika ardhi, ukame wa miaka ya 1930 ukaja, na tarehe 14 Aprili 1935 likapita wimbi la vumbi lililogeuza mchana kuwa usiku. Wiki mbili hazijaisha, tarehe 27 Aprili, ikapita sheria ya kuhifadhi udongo na Hugh Bennett, mtaalam wa udongo ambaye alikuwa amepiga kelele miaka na miaka kuhusu mmomonyoko, akapewa idara ya kuisimamia. Vumbi lilibidi lifike mpaka Washington ndo watu waelewe, na mimi sitaki na sisi tusubiri mpaka hapo.

Na sisi huku tuna mifano yetu. Mto Ruaha Mkuu, Tanzania, ulikuwa unatiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 kuna kipindi cha kiangazi unakauka, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope ndani ya hifadhi. Ukiwauliza watu wa hifadhi watakwambia wanalinda wanyama vizuri tu, na ni kweli wanalinda, ila maji yanaishia juu kule bondeni Usangu kwenye mashamba na malisho, nje ya hifadhi. Sasa bunduki ya askari wa wanyamapori itamsaidia nini kiboko asiye na maji?

Au angalia mto Mara, unaanzia msitu wa Mau Kenya, unapita hifadhini pande zote mbili za mpaka, unaishia Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na kiangazi kule kaskazini mwa Serengeti ndo mto pekee wa kutegemea. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikuta kwa wastani nyumbu kama 6,250 wanazama humo kila mwaka wakivuka, samaki na tai wanakula, mifupa inabaki chini inaachia fosforasi majini kwa miaka. Yaani nyumbu aliyekula majani nchi moja anarutubisha maji ya nchi nyingine. Huyo utamwandika kwenye daftari la nani, la wanyama au la maji?

Kwa upande wa wadudu ndo tumelala kabisa. Kwenye mipango mingi mdudu anatajwa akishakuwa adui, na akitajwa ni kwa ajili ya kupigwa dawa tu. Nzige wa jangwani walitufundisha mwaka 2020 ila somo naona linasahaulika. Ile balaa haikuanzia shambani kwa mtu, ilianza mwaka 2018, vimbunga viwili, Mekunu mwezi wa tano na Luban mwezi wa kumi, vilimwaga mvua kwenye jangwa la Arabia sehemu ambayo haina watu wa kuangalia, nzige wakazaliana vizazi vitatu mfululizo bila kushtukiwa. Wakashuka Yemen, wakavuka Somalia na Ethiopia, mwisho wa 2019 wakaingia Kenya ambako watu walikuwa hawajaona kitu kama hicho kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80 na kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000, na linaruka mpaka kilomita 150 kwa siku. Shirika la pamoja la nzige la Afrika Mashariki lipo tangu 1962, liliundwa kwa sababu wazee wa wakati ule walishaelewa kwamba nchi moja peke yake haiwezi, lakini chombo cha namna hii nzige wakikaa miaka bila kuja bajeti inapungua na marubani wanazeeka. Hapo ndo huwa tunakosea, mdudu anafuatiliwa wakati hayupo, akishaonekana angani umechelewa.

Mdudu si adui siku zote vilevile. Kidung'ata wa muhogo, wale weupe kama wamepakwa unga, waliingia Afrika miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini na mihogo ikaanza kufa nchi hadi nchi. Kilichoiokoa siyo dawa, ni nyigu mdogo ambaye watafiti walimtafuta huko huko walikotoka kidung'ata, wakampata Paraguay mwaka 1981, wakampima, wakamfuga, wakamwachia. Ziwa Victoria nako gugu maji lilipofunga bandari miaka ya 1990 wakaletwa fukusi wanaokula gugu hilo peke yake, likapungua sana pamoja na hali ya hewa ya wakati ule kusaidia. Lakini gugu bado linarudi, na linarudi kwa sababu linalishwa, mbolea na maji taka na udongo wa milimani vinashuka kila mvua. Fukusi anakula juu, sisi tunalisha chini. Hata ukileta mafukusi mangapi, kama lile tope la kwenye chupa yangu halijazuiwa kule juu ni kazi bure.

Na hatari ya kumpiga kiumbe mmoja bila kuuliza anaishi na nani ipo, China mwaka 1958 walitangaza vita na shomoro kwamba wanakula nafaka, watu wakapiga masufuria na ngoma ndege wasitue mpaka wanaanguka kwa kuchoka. Kumbe shomoro huyo huyo alikuwa anakula wadudu, wadudu wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro akatolewa kwenye orodha ya maadui akawekwa kunguni. Njaa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, hiyo ilikuwa mojawapo. Na sisi kwelea kwelea tunawapulizia sumu ya fenthioni kwenye mazalia yao, mwewe na bundi wanaokula ile mizoga nao wanakufa, halafu tunashangaa panya wamejaa. Sisemi mkulima aachie ndege wamalize mtama wake, hapana, nasema anayepuliza na anayelinda ndege wakae chumba kimoja kabla ndege ya dawa haijaruka.

Mfano unaonishika kuliko yote ni wa tembo na nyuki. Kenya, kuanzia 2007, utafiti ulionyesha tembo wakisikia sauti ya nyuki wanakimbia, wakulima wakaanza kutundika mizinga kwenye waya kuzunguka shamba, kila mita kumi hivi, tembo akigusa waya mizinga inacheza nyuki wanatoka. Shamba linapona, asali inapatikana, maua ya mazao yanachavushwa, na tembo haumii. Ni jambo zuri sana. Lakini ukame ukikaza hakuna maua, nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na ni wakati huohuo tembo naye amekosa maji na majani porini anakuja shambani. Kwa hiyo uzio wa nyuki unategemea maua, maua yanategemea unyevu, unyevu unategemea udongo unaoshika maji. Mtu wa wanyamapori anayetaka tembo wasiue watu inabidi aanze kujali udongo, hana njia nyingine.

Na udongo kushika maji siyo jambo la maabara. Chukua kopo, toa chini lote libaki bomba, lichomeke kidogo ardhini, mimina kikombe cha maji uhesabu. Mimi nilifanya hivyo chini ya kichaka penye majani yaliyooza na vijitundu vya mchwa, maji yakazama kabla sijafika arobaini. Nikasogea hatua kumi kwenye ardhi tupu iliyokanyagwa na mifugo, nimehesabu mpaka mia tatu maji bado yapo yananitazama. Mvua ileile, hatua kumi tu, huku inaingia chini inakuwa chemchemi na kule inakimbia inakuwa korongo. Dawa yake tunaijua, Machakos kule Kenya walichimba mitaro wakatupa udongo upande wa juu, na njia hiyo leo inaandikwa kwenye vitabu vya wataalam dunia nzima kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Jina limetoka kwetu, halafu kuna vilima havina hata mtaro mmoja.

Tume ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, mabonde mengine yana bodi zao, kwa hiyo sisemi tuanze kutoka sifuri. Ninaloomba ni mtu wa wadudu na mtu wa udongo wawe na kiti na kura kwenye vyombo hivyo, siyo kualikwa kutoa mada halafu wanaondoka. Wanaofaidi maji chini, miji na mabwawa ya umeme, wachangie anayechimba mitaro juu kwa sababu siku anazochimba halimi. Na mto ukianza kubadilika rangi upande mmoja wa mpaka, upande wa pili waambiwe siku hiyohiyo.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti lenu linachapa viwango vya kubadilisha fedha kila siku, na nafasi yake ipo haiguswi. Tengeni kisanduku kidogo kama kile, hata mara moja kwa wiki, mchape kina cha mito mikubwa, mvua iliyonyesha kwenye vyanzo vyake, na taarifa ya nzige na viwavijeshi wako wapi wiki hii. Takwimu nyingi za hivyo zinakusanywa tayari na zinakaa kwenye ofisi tofauti, wasomaji hatuzioni. Mkianza, mimi nitakuwa nawaletea kipimo cha tope la mto wetu kila baada ya mvua kubwa, chupa bado ninayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi