Mchunguzeni mtoto kabla ya kumlaumu mama

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba pakiti za njugu (chakula cha tiba cha njugu zilizosagwa) za watoto wenye utapiamlo zinaishia kwenye meza za vibanda, ndiyo maana watoto hawanenepi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mukuru. Sikatai, zinauzwa, nimeziona. Nyingine huliwa na ndugu zake mgonjwa, kwani nani ataweza kumfungulia mtoto mmoja kitu kitamu wenzake wakitazama tu? Lakini hiyo si hadithi yote.

Mwaka jana nilikuwa nikimfuatilia mtoto wa miezi 14. Utepe wa kupimia unene wa mkono ulisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Akaandikishwa, akapewa pakiti zake, kila moja gramu 92 na kalori 500. Wiki tatu mizani haikusonga. Kliniki ikamwandikia mama kwenye kadi, "hafuati maagizo", na majirani wakatia chumvi yao. Nikaenda kukaa naye asubuhi mbili akimlisha. Mtoto alilamba kidogo, akageuza uso, akasinzia. Hakuwa na homa. Hapo ndipo wengi tunapopotoka, maana mtoto aliyedhoofika kiasi hicho anaweza kuwa na maambukizi mabaya na mwili wake usiwe na nguvu hata ya kupandisha joto. Hospitali ilipomchunguza ilikuta kifua kikuu. Babu yake alikuwa amekohoa miezi mingi, na wote wanalala chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Mwezi wa pili wa dawa, mtoto alikuwa akizililia pakiti mwenyewe.

Wataalamu wanasema hii ni inflamesheni, yaani mwili kuwaka ndani ukipambana na maradhi. Usidhani ni lazima uone jipu au kidole kilichovimba. Ni makaa chini ya jivu: mwali huuoni, jiko linazidi kula kuni. Kemikali ambazo mwili hutoa kupambana na vijidudu ndizo hizo hizo zinazoua hamu ya kula. Ini huanza kutengeneza protini za kujikinga, malighafi ikinyofolewa kwenye misuli ambayo imeshakwisha, na homoni ya IGF-1, inayosaidia mtoto kukua, hushuka. Hata kile kidogo anachomeza hakigeuki nyama. Halafu kuna utumbo. Mtoto anayetambaa kando ya mtaro wa maji taka humeza uchafu kila siku, ukuta wa utumbo unachakaa, na vijidudu hupata njia ya kupenya hata kama haharishi.

Wala jibu si kummiminia antibiotiki bila mwisho. Hilo lilijaribiwa hapa hapa Kenya, katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Watoto 1,778 wasio na VVU, wote wakitoka kutibiwa utapiamlo mkali, waligawanywa: baadhi walipewa ko-trimoksazoli kila siku kwa miezi 6, wengine kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa 2016. Katika kundi la dawa walifariki 14 kati ya kila 100, na katika lile jingine 15. Mimi hushtushwa zaidi na hizo tarakimu zenyewe kuliko kukaribiana kwake. Hawa ni watoto waliokuwa wameshafika hospitalini na kutibiwa!

Kwa hiyo wakuu wa afya wa kaunti wasikilize ombi hili. Uzito usipopanda wiki mbili mfululizo, mtoto achunguzwe upya: masikio, kifua, mkojo, VVU, na mzazi aulizwe nani anakohoa nyumbani. Asipoweza kumaliza pakiti ya kujaribia hamu ya kula pale kliniki, alazwe, asirudishwe na mfuko mwingine wa pakiti. Na akitolewa wodini, sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tupewe taarifa siku hiyo hiyo. Kwa sasa huwa nasikia kutoka kwa majirani, wakati mwingine nikiwa nimechelewa.

Yule mama bado anatumia kadi ile ile. Maneno yale hayajafutwa, na kila anapokwenda chanjo muuguzi mgeni huanza kwa kuyasoma.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Mukuru, Nairobi