Mutombo asipimwe kwa pointi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mwanza. Naandika kuhusu ile orodha yenu ya wachezaji bora wa kikapu waliotoka Afrika, ambayo huku kwetu Mabatini imesomwa na kubishaniwa mpaka gazeti limechanika, na kiukweli sijaridhika kabisa na pale mlipomweka Dikembe Mutombo, yule Mkongo mrefu wa kuzuia. Mmempa mistari mitatu tu, mkasema wastani wake haukufika pointi 10 kwa mechi na hakuwahi kuchukua ubingwa wa NBA, ile ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, basi, mkahamia kwa mwingine. Hizo habari ni za kweli, wastani wake ni 9.8, na fainali mbili alizofika, ya 2001 akiwa Philadelphia na ya 2003 akiwa New Jersey, zote timu yake ilifungwa. Lakini jamani yule mtu kazi yake haikuwa kufunga, kazi yake ilikuwa wewe usifunge, sasa ukimpima kwa pointi unakuwa kama unampima golikipa kwa magoli aliyofunga.

Angalieni upande wake. Bloku, yani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikirushwa kikapuni, 3,289 katika misimu 18. Aliyemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830. Yani tangu NBA waanze kuhesabu bloku mpaka leo, wawili wa juu kabisa mmoja kazaliwa Lagos na mwingine Kinshasa, na hili hamkuliandika popote wakati kwa gazeti la Kiswahili hiyo ndio ingetakiwa kuwa kichwa cha habari. Ongezeni ribaundi, mipira aliyoidaka baada ya mtu kurusha akakosa, zaidi ya elfu 12, na tuzo ya mzuiaji bora wa mwaka mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001. Jezi yake namba 55 Denver waliitundika juu kwa heshima yake na Atlanta nao wakaitundika.

Na ile ya 1994 mngeisimulia vizuri maana vijana wengi hawaijui. Denver, timu yake ya kwanza NBA, waliingia mtoano wakiwa wa nane, wa mwisho kabisa kati ya waliofuzu kanda yao, wakapangiwa Seattle waliokuwa wa kwanza na waliokuwa wameshinda mechi 63 msimu ule. Wakafungwa mbili za kwanza, na ilikuwa ukishinda tatu umepita, kwahiyo kila mtu akajua imeisha. Denver wakashinda ya tatu, wakashinda ya nne, ya tano ikachezwa Seattle kwenyewe ikaenda mpaka dakika za nyongeza wakashinda 98 kwa 94. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea timu ya nane imtoe wa kwanza. Mechi zile tano Mutombo alipiga bloku 31. Kuna picha yake amelala chali chini ya ringi, ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya uso, anapiga kelele za furaha, mtu wa mita 2.18 analia kama mtoto. Hajafunga kikapu cha ushindi pale, ameshika ribaundi ya mwisho. Hiyo picha nawaomba muichape siku moja, kubwa.

Hili linaniuma kwasababu nafundisha watoto kikapu jioni, uwanja wa saruji mistari imeshafutika, na nnachokiona ni kwamba kila mtoto anataka kurusha kutoka mbali. Kuzuia hakuna anayetaka, anaona ni adhabu. Nnae dogo mmoja mrefu kuliko wote, mkono mrefu mpaka raha, ila akimuona mtu anakuja na mpira anaruka mapema, yule mwenzie anasubiri ashuke halafu anarusha, au dogo anampiga mkono inakuwa fauli. Nikamwambia usiruke wewe kwanza, muache yeye aruke, wewe simama karibu na ringi mkono juu, mpira ukishatoka mkononi kwake ndio unaufuata ukiwa bado unapanda, ukishaanza kushuka usiuguse. Siku aliyoelewa nilijua kwa sababu watoto wengine wakaanza kuogopa kuingia ndani, wakawa wanafika karibu wanageuza wanatoa pasi. Hizo hazihesabiwi popote, hakuna karatasi inayoandika mtu aliyeghairi kurusha, na kwa Mutombo sijui mnadhani walioghairi ni wangapi kwa miaka 18! Hata kile kidole chake cha kutikisa, cha kumwambia mtu hapana, watu wanakichukulia kama mbwembwe lakini kilikuwa sehemu ya kazi, kilikuwa kinamfanya mpinzani akumbuke. NBA wenyewe wakafika mahali wakisema ukimtikisia mpinzani usoni ni teknikali, yani fauli ya utovu wa nidhamu, yeye akawa anageukia mashabiki.

Halafu Mhariri kuna jambo ambalo kwenye mistari yenu mitatu halimo kabisa, nalo ni hospitali. Mutombo alienda Marekani 1987 kwa ufadhili wa masomo, chuo cha Georgetown, na alikwenda ili awe daktari, sio mchezaji. Kocha wa chuo, John Thompson, ndio akamvuta kwenye timu, udaktari ukaishia hapo, akahitimu lugha na diplomasia. Sasa mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa wakati wa vurugu na amri ya kutotoka nje, hakuweza kufikishwa hospitali. Mtoto ana mamilioni ya dola Marekani na mama anafia nyumbani kwa sababu njia haipitiki. Alichofanya ni kujenga hospitali Kinshasa, vitanda 300, akaipa jina la mama yake, imeanza kupokea wagonjwa 2007, na zaidi ya dola milioni 15 zilitoka mfukoni mwake.

Sisi wa huku ziwani hatuhitaji kuelezewa sana hii. Muulizeni yeyote wa Sengerema au Geita aliyewahi kuleta mgonjwa hospitali ya Bugando usiku kabla daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa Juni 2025, amefika pale maji yako mbele, kivuko kiko ng'ambo, mgonjwa yuko nyuma ya gari anakoroma, taa za upande wa pili unaziona kabisa na huna la kufanya. Wa Ukerewe mpaka leo wanategemea maji. Kwahiyo mtu aliyempoteza mama namna ile halafu hela yake ya ujana akaigeuza vitanda vya wagonjwa, kwa msomaji wa Mwanza huyo sio mtu wa mistari mitatu, na mimi namuweka juu ya wengi wenye vikombe kabatini.

Wasichana pia mngewakumbuka. Mwaka 1996 timu ya kikapu ya wanawake ya Zaire, Kongo ya sasa, ilifuzu Olimpiki ya Atlanta, hela hakuna, na Mutombo ndio aliwalipia gharama na jezi. Hapa kwetu nna mabinti wanaocheza vizuri kushinda wavulana na wanagawana raba, anayetoka uwanjani anavua anampa anayeingia, namba zinatofautiana lakini wanavaa hivohivo. Nilipowasimulia habari ya Atlanta walinyamaza wote, halafu mmoja akauliza kama huyo Mutombo bado yupo tumwandikie. Ikabidi niwaambie amefariki Septemba 2024, saratani ya ubongo, ana miaka 58.

Na kuna kitu kimoja kinamhusu Mtanzania kabisa. Aprili 2009 Mutombo aliumia goti kwenye mtoano akiwa na Houston, ndio ikawa mwisho wake. Juni mwaka huohuo Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar, akachaguliwa wa pili, na Memphis, pale timu za NBA zinapogawana wachezaji wapya, Mtanzania wa kwanza NBA, na kilichompeleka kule ni hichohicho, kuzuia. Watu wamemsema sana Thabeet kwamba hakung'ara, mi naona hatujawahi hata kumshukuru, maana hata huyu dogo wangu mrefu alianza kuja uwanjani baada ya kusikia kuna Mtanzania aliyelipwa kwa ajili ya urefu na mikono yake.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni hili. Mutombo alizaliwa tarehe 25 Juni, 1966. Siku hiyo ikifika mpeni ukurasa mzima, na ile picha ya 1994, na habari ya hospitali, na namba zake za kuzuia zikae juu ya namba za kufunga. Na mkiandika matokeo ya ligi ya kikapu ya mkoa msiishie kwa aliyefunga pointi nyingi, mwambieni mwandishi wenu aliyeko Mwanza aandike na aliyepiga bloku nyingi na aliyeshika ribaundi nyingi, wavulana na wasichana, hata kama ni mstari mmoja. Nitanunua nakala za kutosha niwagawie watoto.

Kocha wa watoto,
Mabatini, Mwanza