Mnofu pekee hautoshi, pimeni na mifupa ya samaki

Kwa Mhariri,

Madini ya risasi yakitajwa Mombasa, watu hukumbuka Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na ile hukumu ya mwaka 2020 iliyowapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Udongo na damu ya watoto vimezungumzwa, na ni haki. Tunaomba mazungumzo hayo yafike pia kwenye vidimbwi vya ngege na kambare.

Samaki wa maji baridi hufyonza kalsiamu majini kupitia matamvua. Risasi hupita mlango huohuo, kwa kuwa mwili huidhania kalsiamu. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, huuziba mlango huo, na samaki akapungukiwa na kalsiamu ingawa anaogelea ndani yake. Damu huipeleka risasi mfupani, ikakaa pale ambapo kalsiamu ingekaa. Samaki akiishi hivyo muda mrefu, uti wa mgongo unaweza kupinda na pingili zikaharibika umbo. Maji yasiyo na chokaa huzidisha madhara, maana kalsiamu ya kushindania mlango ni chache.

Mnofu huhifadhi risasi kidogo sana ukilinganisha na mfupa. Zebaki ni kinyume chake, yenyewe hupenda mnofu. Kwa hiyo maabara ikipima mnofu peke yake, jibu litafaa kwa zebaki, lakini kwa risasi laweza kumpa mlaji matumaini ya bure. Na mifupa tunaila! Vichwa hupikwa supu, vidagaa hutafunwa vizima, mabaki husagwa kuwa chakula cha kuku. Moto hauondoi risasi, na ukwaju au ndimu mchuzini huyeyusha sehemu ya madini ya mfupa.

Tahadhari moja. Mgongo uliopinda si ushahidi wa sumu. Upungufu wa vitamini C au fosforasi kwenye chakula, au mbegu ya samaki wa ukoo mmoja waliozaana, huleta kilema kilekile. Wala samaki aliyenyooka si lazima awe salama. Mwenye kujua ni kipimo.

Kipimo chenyewe huharibikia mwanzoni, kabla hata ya kufika maabara. Chukueni samaki wasiopungua 10 wa aina moja na ukubwa unaokaribiana, kwani mfupa hukusanya risasi kadiri umri unavyosonga. Kuchanganya wakubwa na wadogo huficha ukweli. Tumieni kisu cha plastiki au cha kauri. Ndoo ya bati iacheni nyumbani, itawapa zinki isiyotoka kwa samaki. Mnofu na mfupa vifungwe mbalimbali. Mifupa isafishwe nyama yote, ioshwe kwa maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa), ikaushwe kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, kisha isagwe kwenye kinu cha kauri. Hapo huyeyushwa kwa asidi ya nitriki safi ndipo mashine isome. Pawe na chupa moja ya asidi tupu isiyo na mfupa: ikionyesha risasi, uchafu umetoka maabara, na kazi irudiwe. Siku hiyohiyo chukueni na tope la chini ya kidimbwi, maana maji yanaweza kuonekana safi na risasi imelala topeni.

Tunaiomba idara ya uvuvi ya kaunti iagize mfupa upewe safu yake kwenye ripoti, hasa kwa vidimbwi vilivyo karibu na wanaoyeyusha betri kuukuu au vyuma chakavu. Ripoti iseme pia kama uzito ni wa samaki mbichi au mkavu. Kikomo cha kimataifa cha risasi, miligramu 0.3 kwa kilo, ni cha samaki mbichi. Mnofu una maji kama asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo miligramu 1 kwa kilo ya mnofu mkavu ni kama 0.2 hadi 0.25 ya mbichi. Asiyejua hilo atamfungia mfugaji asiye na kosa, au atampitisha mwenye nalo. Ripoti isiyotaja uzito ni upi irudishwe maabara.

Wataalamu wa samaki,
Mombasa