Kuhusu Bloku ya Maji Unayotaka Kuichonga

Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote wa nyumbani huko Arusha. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ingawa joto la msimu huu halitupi nafasi hata usiku. Barua yako imefika salama pamoja na mchoro wa bloku ya shaba unayokusudia kuichonga kwa ajili ya kupoza prosesa ya kompyuta yako kwa maji. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kazi inayofaa kufanywa na mtu mwenyewe badala ya kununua bloku ya dukani, na kama mifereji ya kupitishia maji uliyoichora inatosha. La kwanza najibu kwa furaha kwamba inafaa sana. La pili lahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu mchoro wako umejaa vipimo vya mifereji lakini hausemi lolote kuhusu uso wa chini wa bloku, ule unaoigusa prosesa, nami naamini kwamba kazi hii yote huamuliwa pale.

Hebu tulifuate joto tangu linapozaliwa. Prosesa yako ni Ryzen 7 5800X, iliyoingia sokoni Novemba 2020. Karatasi zake zinataja wati 105, lakini inapopewa kazi nzito huruhusiwa kuvuta hadi wati 142, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto ndani ya kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 81 hivi, yaani sawa na eneo la mraba wa milimita 9 kwa 9. Kutoka hapo joto hupita kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa, likavuka pesti ya joto (ile dawa laini inayojaza mwanya kati ya kifuniko na bloku), likaingia kwenye shaba, kisha maji, na mwisho rejeta hulitoa hewani. Katika safari hiyo, watu wengi hudhani kwamba maji ndiyo yenye kazi ngumu, nao hukimbilia kununua pampu kubwa. Lakini maji yanayopita kwa kasi ya lita 1 kwa dakika hubeba takriban wati 70 kwa kila digrii moja yanayopanda. Kwa lita 2 kwa dakika, joto lote la prosesa yako litayapandisha digrii 1 tu kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Kwa hiyo pampu ya kawaida inatosha kabisa, nawe fedha hiyo iweke kwenye mambo mengine.

Sasa tazama pesti. Pesti nzuri hupitisha joto kwa kiwango cha wati 5 hivi kwa mita kwa digrii, ilhali shaba safi hufikia 390. Maana yake ni kwamba tabaka la pesti lenye unene wa milimita 0.1 hulizuia joto sawasawa na karibu milimita 8 za shaba. Tukikadiria kwamba joto lako linavuka eneo la sentimita za mraba 4, basi kila milimita 0.1 ya pesti inayoongezeka kwa sababu bloku haikunyooka inakugharimu digrii 7 prosesa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Mifereji unayoihangaikia, hata ukiichonga kwa ustadi mkubwa kiasi gani, haiwezi kukurudishia digrii zilizopotelea pale.

Kwa sababu hiyo nakuomba uutengee uso wa chini muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Tafuta kioo kinene, kile cha meza, ukiweke mahali pasipotikisika, kisha tandika juu yake msasa wa maji namba 400, halafu 800, na kumalizia 1200, ukiulowesha kwa maji yenye tone la sabuni. Kabla ya kila hatua, chora mistari ya kukatana kwenye uso wa shaba kwa kalamu ya maka. Sugua kwa mwendo mrefu usio na haraka, ukiisukuma bloku kutoka chini, karibu na kioo, wala si kwa kuibonyeza kutoka juu, na kila baada ya muda igeuze robo mzunguko. Kisha inyanyue uitazame: mistari itakuwa imefutika kwanza pembeni, au upande mmoja tu, na ile iliyosalia katikati ndiyo inayokuonyesha bonde lilipo. Endelea mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Ukiegemeza ncha nyoofu ya rula ya chuma juu ya uso huo na kuinua vyote viwili kuelekea dirishani, mwanga usipite chini yake mahali popote. Kuung'arisha uso mpaka uone sura yako kunapendeza, lakini mng'ao si unyoofu, na uso unaong'aa unaweza kuwa na mgongo katikati.

Kuhusu shaba yenyewe, sikushauri uhangaike na aluminiamu, wala shaba ya njano ambayo hupitisha joto chini ya theluthi ya shaba nyekundu. Pau za shaba zinazofungwa ndani ya makabati makubwa ya kugawia umeme ni safi kwa zaidi ya asilimia 99, na mafundi wa hapa mtaani kwetu Gerezani huwa nazo mara kwa mara. Tafuta yenye unene wa milimita 6. Ila usikubali kipande kisicho na risiti. Unakumbuka jinsi Kenya ilivyolazimika kusimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na mimi nisingependa bloku yako itokane na transfoma iliyoacha kijiji gizani.

Katika mchoro wako mifereji imechimbwa ndani ya shimo la mraba lenye kuta pande zote nne. Jambo hili halitawezekana kwa msumeno wa duara utakaofungwa kwenye mashine ya milingi, ile ya kuchongea chuma. Msumeno wenye kipenyo cha milimita 63 ukizama milimita 3, huacha tao linaloenea zaidi ya milimita 13 mbele na nyuma ya kitovu chake, kwa hiyo ungekata kuta za shimo kabla mfereji haujafikia kina chake. Geuza wazo: punguza shaba kuzunguka pande zote ili katikati kibaki kisiwa cha milimita 30 kwa 30 kilichoinuka milimita 3, halafu pitisha msumeno katika kisiwa hicho kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kizuizi. Kina cha mfereji kiwe pungufu kidogo, milimita 2.8 tu, ili meno ya msumeno yasije yakakwaruza sakafu ambayo baadaye itakaliwa na oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji. Hapo kifuniko ndicho kitakachokuwa na shimo, nacho kitakivaa kisiwa kutoka juu.

Msumeno wa milimita 0.5, ukiacha ukuta wa milimita 0.5 kati ya mfereji na mfereji, utakupa mifereji 30 hivi, na eneo linaloguswa na maji litaongezeka zaidi ya mara sita kuliko kisiwa kingebaki bapa. Najua unatamani myembamba zaidi, na tamaa hiyo ina msingi. Mwaka 1981 Tuckerman na Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga ndani ya silikoni mifereji yenye upana wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kina cha mikroni 300 hivi, nao wakaweza kuondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba, kwa sababu mfereji unapokuwa mwembamba, maji yote huwa karibu na ukuta. Lakini wao walikuwa na vifaa vya maabara. Wewe ukishuka chini ya milimita 0.3, msumeno utapinda, kuta zitalala, na uchafu wowote utakaopita kwenye pampu utaziba njia ambayo huwezi kuisafisha bila kufungua kila kitu. Wala usirefushe kuta ukidhani kwamba kina maradufu ni faida maradufu, kwani ncha za juu huwa zimekwisha kupoa na mchango wake ni mdogo.

Shaba safi ni laini nayo hung'ang'ania chombo. Tumia msumeno mkali, mzunguko wa taratibu, mafuta ya kukatia bila ubahili, na usafishe vinyoleo baada ya kila mfereji, kwa sababu kinyoleo kimoja kilichobanwa kati ya meno huweza kuupindisha ukuta mzima. Baada ya hapo utaona vinyuzi vyembamba vya shaba vimening'inia kwenye kingo. Pitisha kipande cha kadi ngumu katika kila mfereji, halafu piga kwa mswaki na maji ya moto yenye sabuni, mpaka maji yatoke safi kabisa. Weusi huondoka kwa limao na chumvi, nawe suuza upesi.

Kifuniko nakishauri kiwe cha asetali, aina ya plastiki ngumu. Akriliki, plastiki angavu kama kioo, inavutia kwa kuwa unaona maji yakipita, lakini hupata nyufa ikiguswa na spiriti, na hupasuka ukiikaza kupita kiasi. Hesi za viunganishi ni zile zile za robo inchi wanazozijua mafundi bomba wetu, ila ziwe za aina iliyonyooka: toboa kwa biti ya milimita 11.8, kata hesi kwa tapu, na uiachie oringi ya kiunganishi izuie maji. Kiunganishi chenye hesi za kusinyaa, kikizungushiwa tepu ya bomba, hufanya kazi ya kabari na kukipasua kifuniko. Kwa oringi kubwa yenye unene wa milimita 2, chonga mfuo wenye kina cha milimita 1.5, ili ibanwe robo ya unene wake.

Mlango wa kuingilia uache ufungukie juu ya kisiwa kwa mwanya mrefu uliokatiza mifereji yote, ili maji yaingie kati na kutoka pande mbili. Kila tone litasafiri nusu ya njia na msukumo hautapotea bure. Lakini usiuweke mwanya huo katikati kwa mazoea. Katika prosesa yako kipande chenye joto hakikukaa katikati ya kifuniko chake, kwa hiyo usogeze mwanya, na ikiwezekana kisiwa chenyewe, kuelekea upande huo.

Matundu ya kufungia kwenye ubao mkuu wa kompyuta yako, wenye soketi ya AM4, yako umbali wa milimita 54 kwa 90. Tumia pau ya chuma juu ya bloku, bolti nne zenye springi, na uzikaze kwa kukingamisha, kidogo kidogo, ili bloku ishuke bila kuinama.

Kabla haijakaribia kompyuta, ijaze upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji, isizidi nusu ya ba (kipimo cha mgandamizo), uizamishe kwenye beseni, utazame mapovu. Kisha izungushie maji siku nzima juu ya karatasi nyeupe kavu. Maji yawe yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, nawe usome lebo vizuri usije ukauziwa asidi, na uyaongezee kiasi kidogo cha kulanti ya gari, ile dawa ya maji ya rejeta, ili kuzuia kutu. Usitumie rejeta ya aluminiamu, maana ikikutana na shaba ndani ya maji yale yale italika. Wapenzi wa kazi hii wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 walisifu sana rejeta ndogo ya hita ya gari la Pontiac Bonneville la 1977, iliyokuwa ya shaba. Huko Arusha hita ya gari kuukuu inaweza kukufaa vilevile, mradi uikwangue kidogo uone rangi yake. Kumbuka pia kwamba kwenu, mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko yetu, hivyo chagua rejeta kubwa kidogo, ingawa ubaridi wenu utakufidia.

Usitarajie prosesa hii ibaki digrii 50 inapofanya kazi nzito. Imeruhusiwa kufika 90, na kati ya silikoni na bloku yako kuna tabaka ambazo huwezi kuzigusa. Ikitulia chini ya 75 bila feni kupiga kelele, mimi nitaihesabu kuwa kazi njema sana.

Nitumie mchoro mpya wenye kisiwa na mahali pa mwanya kabla hujakata chochote, na uniandikie unene wa msumeno utakaoupata, kwa sababu ukibadilika, idadi ya mifereji nayo itabadilika. Mama watoto anakusalimu, na watoto wanauliza utakuja lini.

Wako akupendaye,

Rafiki yako wa Gerezani