Kurudi Vvardenfell bila haraka

Mwanangu,

Nimesikia umeanza tena gemu ya Morrowind, ile ya kisiwa cha Vvardenfell, na kwamba safari hii hutaki kuimaliza bali kukaa ndani yake. Vizuri. Basi ipange tofauti.

Gemu hii ni ya 2002, na kwenye kompyuta za leo inakwenda vizuri zaidi kwa OpenMW. Programu hiyo ya kuiendesha gemu ni ya bure, lakini haiji na gemu yenyewe. Lazima uwe na nakala yako, kisha wakati wa kusakinisha uielekeze kwenye folda ya Data Files. Ukishafanikiwa, usisukume umbali wa kuona hadi mwisho. Kisiwa ni kidogo kuliko unavyodhani, na ukungu ndio unaokikuza. Ukiuondoa wote utaona miji inavyokaribiana, na hamu ya safari itakutoka. Mimi ningeongeza kidogo tu.

Kwenye orodha ya faili, ondoa tiki ya Tribunal, ile nyongeza ya gemu, kwa sasa. Ikiwepo, muuaji anaweza kukuvamia usingizini ukiwa bado levo ya 1. Na ukimshinda ni balaa la namna nyingine, maana mavazi yake yanauzwa ghali mno na pesa zinakosa maana mapema. Utairudisha ukishakomaa.

Kitakachokuudhi mwanzoni ni upanga kupita mwilini mwa adui bila kumdhuru. Si hitilafu. Gemu inarusha dadu kimyakimya: inachukua ujuzi wako wa silaha ile, inaongeza moja ya tano ya wepesi na moja ya kumi ya bahati, kisha inazidisha jumla kwa 1.25 pumzi ikiwa imejaa, au kwa 0.75 ikiwa imekwisha. Ukiwa na 40 kila mahali, unapata 52. Kwa pumzi kamili hiyo ni asilimia 65; ukiwa hoi ni 39, na hapo bado ukwepaji wa adui haujatolewa. Kinachokula pumzi, ule mstari wa kijani, ni kukimbia na kurukaruka. Wengi hufika vitani wakikimbia, halafu huilaumu gemu. Tembea hatua za mwisho, na ushike silaha ya aina uliyoiweka kwenye ujuzi wako mkuu.

Ustahimilivu upandishe mapema. Kila levo inakupa afya sawa na asilimia 10 ya ustahimilivu ulio nao wakati huo, na levo zilizopita hazifidiwi.

Sasa raha yenyewe. Hakuna mshale wa kukuongoza, kwa hiyo soma shajara polepole. Ukitumwa Arkngthand magofu ya kale, kutafuta kisanduku cha Dwemer, watu waliotoweka zamani, utaambiwa njia kwa maneno: ngome ya Moonmoth, bonde, daraja. Mlango hautafunguka hadi uzungushe mpini ulio kwenye bomba lililo karibu. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kiko kwenye rafu, na watu hukipita huku wakitazama mashine kubwa. Wewe kagua rafu.

Kwa safari ndefu panda silt strider, mdudu mkubwa wa kubeba abiria, badala ya kutegemea wasafirishaji wa chama cha wachawi, wanaokurusha kutoka mji wa Balmora hadi wa Ald'ruhn kwa kufumba na kufumbua. Strider nayo inakufikisha papo hapo, lakini haifiki kila mahali, kwa hiyo kipande kinachobaki utakitembea, na humo ndimo utakutana na mapango na mahujaji. Ukielekea kwa Telvanni, ukoo wa wachawi, beba dawa za kuelea. Minara yao ya uyoga haina ngazi, na wanajivunia hilo.

Karibu na Seyda Neen, kijiji unachoanzia, mtu ataanguka kutoka angani. Chukua hati zake tatu za uchawi. Kila moja inaongeza 1000 kwenye ujuzi wa kuruka kwa sekunde 7, na yeye alikufa kwa sababu nguvu iliisha akiwa bado hewani. Lenga maji, kwani kuangukia humo hakuumizi, au soma hati ya pili karibu na kutua.

Sevu kwenye mafaili kadhaa, si ile ya haraka peke yake, ambayo hujiandika juu yake yenyewe. Gemu inakuruhusu kumuua karibu kila mtu, hata anayebeba hadithi nzima. Ukiona ujumbe kwamba uzi wa unabii umekatika, rudi kwenye faili la nyuma kabla hujafanya lolote jingine.

Mama yako